Tani 1,270 za lami moto: nilichopima, nilichorudisha, na kama ningenunua tena

Mimi ni fundi wa maabara ya vifaa vya ujenzi. Nilisomea kazi hii Chuo cha Ujenzi Morogoro, na huu ni mwaka wangu wa kumi na sita nikipima udongo, kokoto na lami. Masika yaliyopita kampuni ninayofanyia kazi ilinunua lami moto, yaani mchanganyiko wa kokoto na bitumeni (gundi nyeusi inayoshikanisha mawe), kutoka kiwanda kimoja kilichoko mwendo wa saa moja na nusu kutoka eneo la kazi. Sitakitaja jina, kwa sababu matatizo niliyoyaona pale nimeyaona pia kwingine, na kwa sababu watu wale walinifungulia mlango wa chumba cha kuendeshea mtambo, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Naandika kwa ajili ya makandarasi wadogo, madiwani, kamati za mitaa na yeyote atakayetoa fedha kununua lami moto kwa tani.

Barabara yetu ilikuwa ya mita 1,800, upana mita 6, unene wa lami milimita 50. Ukipiga hesabu unapata tani kama 1,270, yaani safari 51 za tipa la tani 25. Tulimwaga kwa siku tisa, mita 200 kila siku.

Nianze na yale mazuri, kwa sababu ni ya kweli. Mzani wao ni sahihi. Nilipitisha tipa tatu kwenye mzani mwingine njiani na tofauti haikufika kilo 100. Risiti inaandikwa saa ya kupakia na joto la mchanganyiko wakati wa kutoka. Simu zinapokelewa. Meneja wa mauzo haahidi tipa saa mbili asubuhi ilhali anajua litafika saa tano. Kwa mtu aliyewahi kusimama juani na peva, mashine ya kutandaza lami, inayonguruma bila mzigo, hilo peke yake lina thamani kubwa.

Bitumeni yao pia ilikuwa safi. Hili nalisisitiza kwa sababu barabara ikiharibika, neno la kwanza mitaani ni kwamba "bitumeni ni feki". Nilichukua sampuli kwenye matenki mara tatu. Daraja lililoagizwa ni 60/70, maana yake sindano yenye uzito wa gramu 100 ikiachwa sekunde tano kwenye bitumeni ya nyuzi 25, izame kati ya sehemu 60 na 70 za kumi za milimita. Nilipata 64, 67 na 62. Hapakuwa na mchezo wowote. Kilichoyumba kilikuwa mawe na maji.

Kabla ya kununua tulipewa cheti cha usanifu wa mchanganyiko, karatasi nne zenye mihuri. Bitumeni asilimia 5.0, nafasi za hewa asilimia 4.0, uimara wa Marshall kilonewtoni 12.6, mnyumbuko milimita 3.2. Kwa wasioijua njia hii, ilibuniwa na Bruce Marshall wa idara ya barabara ya jimbo la Mississippi, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha wahandisi wa jeshi la nchi hiyo wakaiendeleza kwa ajili ya viwanja vya ndege wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Unatengeneza kidonge cha mchanganyiko chenye kipenyo cha milimita 101.6, unakitwanga kwa nyundo ya kilo 4.5 inayodondoka kutoka milimita 457, mara 75 kila upande kwa barabara ya magari mazito. Kisha kinakaa kwenye maji ya nyuzi 60 na kubanwa mpaka kishindwe; nguvu iliyokishinda ndiyo uimara, na kiasi kilichobonyea ndicho mnyumbuko. Nimetwanga vidonge hivi maelfu, na bado naiamini njia hii.

Ila cheti kile kilikuwa na umri wa miezi kumi na minne. Kilipimwa kiangazi, kwa kokoto za rundo moja, kavu, zilizochekechwa kwa mkono maabara na kupimwa gramu kwa gramu. Kwa maneno mengine, kilionyesha kile ambacho kiwanda kinaweza kufanya siku njema. Mimi nilihitaji kujua kinafanya nini siku zote tisa.

Kila siku nilichota sampuli mbili nyuma ya peva, kila moja kutoka sehemu tatu, nikachanganya, nikagawa robo, nikaosha bitumeni kwenye mashine ya kuzungusha na kupima kilichobaki. Hayo hapa majibu ya asilimia ya bitumeni, kwa mpangilio wa siku, Jumatatu hadi Jumamosi kisha Jumatatu hadi Jumatano: 5.0 na 5.1, 4.9 na 5.0, 5.1 na 4.9, 5.4 na 5.3, 5.2 na 5.5, 4.6 na 4.8, 4.7 na 4.8, 5.0 na 4.9, 5.1 na 5.0. Ruhusa ya mkataba wetu ilikuwa 5.0, pungufu au zaidi kwa 0.3.

Jumlisha zote, gawa kwa 18. Unapata 5.0. Wastani umekaa juu ya cheti kabisa, na meneja wa ubora alipoona hesabu hiyo aliniambia kwa dhati, "Dada, hapa hatudaiani."

Lakini gari halipiti juu ya wastani. Linapita juu ya mita 200 za Ijumaa, halafu juu ya mita 200 za Jumamosi. Mahali penye 5.5 bitumeni imejaza nafasi za hewa, jua la mchana likiwaka lami inalainika na kusukumwa pembeni na matairi. Mahali penye 4.6 utando wa bitumeni juu ya jiwe ni mwembamba, maji yanaingia, kokoto zinaanza kung'oka moja moja. Kasoro hizo mbili hazifidiani. Barabara inapata magonjwa mawili badala ya moja.

Ndiyo maana kipimo ninachokiheshimu kuliko wastani ni mtawanyiko, yaani majibu yanatapanyika kiasi gani kutoka katikati. Siku tatu za kwanza mtawanyiko ulikuwa 0.09. Kiwanda kikibaki hapo, kwa hesabu ya kawaida ni kama mzigo mmoja tu kati ya elfu utakaotoka nje ya ruhusa ya 0.3. Kwa siku zote tisa mtawanyiko ulikuwa 0.23, na hapo karibu mzigo mmoja kati ya kila watano unatoka nje. Mimi nilidaka sampuli tatu mbovu. Katika safari 51 yawezekana zilikuwa mizigo kumi, na mingine imelala pale barabarani bila mtu kuijua ni ipi. Sehemu ya mtawanyiko huo ni yangu mwenyewe, maana hata kipimo kina makosa. Nilishagawa sampuli moja mara mbili nikaosha kila nusu peke yake, nikapata 5.0 na 5.1. Kwa hiyo tofauti ya 0.1 siwezi kumlaumu mtu. Tofauti ya 0.9 kati ya Ijumaa na Jumamosi naweza.

Sasa nieleze ilivyotokea, kwa sababu hapa ndipo mnunuzi anapojifunza kitu.

Jumatano usiku mvua ilishuka kutoka milima ya Uluguru, mvua ile ya masika isiyopiga kelele lakini haikatiki. Alhamisi tulisubiri hadi saa tano tabaka la chini likauke ndipo tukaanza. Vidonge vya siku hiyo vilipotoka kwenye kopo vilikuwa vinang'aa kuliko kawaida. Jioni majibu yakaja, 5.4 na 5.3. Ijumaa jioni 5.2 na 5.5. Nafasi za hewa zilishuka hadi asilimia 2.6, wakati tulikubaliana ziwe kati ya 3 na 5. Nikapiga simu kiwandani, nikasema mchanganyiko una mafuta mengi. Nakiri nilisema hivyo tu, kwa haraka, bila kuuliza kwa nini. Opereta, kijana mtiifu na mchapakazi, akaenda kupunguza pampu ya bitumeni kwa mkono. Jumamosi jua likatoka na tukapata 4.6.

Jumatatu mchana nilimwachia msaidizi wangu kazi ya sampuli nikapanda tipa tupu kwenda kiwandani. Mtambo wao ni wa aina ya pipa, unaochanganya mfululizo bila kupima fungu kwa fungu. Kokoto zinapita kwenye mkanda, mkanda una mzani, na kompyuta inasoma uzito huo na kuamuru pampu itoe bitumeni kiasi gani. Mzani wa mkanda hautofautishi jiwe na maji. Opereta lazima aiambie kompyuta kokoto zina unyevu kiasi gani ili itoe hesabu ya maji. Nikaangalia kwenye skrini: unyevu asilimia 1.5. Nikamuuliza namba hiyo iliwekwa lini.

"Niliikuta," akasema.

Tukatoka wawili kwenda kwenye rundo la vumbi la kokoto, yaani chembe ndogo za mawe yaliyopondwa. Niliomba sufuria kwa mama anayewapikia chakula, tukawasha jiko la gesi la maabara yao. Nikachota gramu 1,000 kutoka ubavu wa juu uliopigwa na jua, tukakaanga tukikoroga kwa mwiko mpaka kipande cha kioo nilichoshika juu ya sufuria kikaacha kupata ukungu. Mzani ukasoma gramu 971. Unyevu asilimia 3. Halafu nikachota gramu 1,000 nyingine chini ya rundo lilelile, pale ndoo ya loda inapochimbia, ambapo maji yalikuwa bado yanachuruzika kuelekea kwenye mtaro. Gramu 917. Asilimia 9.

Rundo moja, hatua sita kati ya shimo na shimo.

Opereta alitazama ile namba ya pili kwa muda, akachukua peni akaiandika kwenye kiganja chake.

Vumbi lilikuwa asilimia 40 ya mchanganyiko wao. Ukichukua vumbi lenye unyevu wa 9 na kokoto zenye unyevu wa 2, jumla inakuwa asilimia 4.8. Kompyuta ilidhani kila tani 100 zinazopita ni tani 98.5 za mawe, kumbe ni tani kama 95.4. Hapo tayari bitumeni inapanda kutoka 5.0 hadi karibu 5.15 bila mtu kugusa kitu. Hiyo ni kama nusu ya kosa la Alhamisi. Nusu nyingine, nilivyoona mwenyewe, ilitokana na vumbi bichi kugandamana kwenye mdomo wa pipa la kulishia mkanda, kuziba, kisha kuporomoka kwa mkupuo. Mkanda unapata uzito ghafla, pampu inachelewa kufuata, halafu inazidisha wakati vumbi limeshapungua. Jumamosi loda likaanza kuchota upande mkavu, na pampu ilikuwa imeshapunguzwa kwa mkono. Dawa mbili kwa ugonjwa uliokuwa umeondoka.

Jambo la pili nililiona nilipokuwa narudi getini. Kokoto za milimita 14 zilikuwa marundo mawili. Moja la kijivu chenye ubuluu, mawe makali ya pembe. Jingine lina rangi ya kahawia kwenye baadhi ya nyuso, jiwe lililokaa karibu na uso wa ardhi likanyeshewa miaka mingi. Niliomba mfuko wa kila moja. Maabara nililoweka mawe saa 24, nikayakausha uso kwa kitambaa na kuyapima: la kijivu lilinyonya maji asilimia 0.6, la kahawia asilimia 1.3. Jiwe linalonyonya maji linanyonya na bitumeni. Kwa hiyo hata kompyuta ikitoa 5.0 kamili, kwenye jiwe la kahawia sehemu inayobaki kufunika mawe na kuyashikanisha ni ndogo. Cheti kilipimwa kwa jiwe la kijivu peke yake. Nilipouliza jiwe la kahawia lilianza kutumika lini, nikaambiwa machimbo yalihamia upande mwingine wa kilima "kitambo kidogo". Hakuna aliyeona haja ya kufanya usanifu upya. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika tathmini hii yote. Mvua ni ya Mungu, lakini kubadilisha jiwe ni uamuzi wa mtu, na mteja alistahili kuambiwa.

Kuhusu joto nitapita haraka. Mizigo mingi ilitoka na nyuzi 160 na kufika na 148 hivi, ambayo ni sawa. Tipa mbili zilikuja bila turubai. Moja nilichomeka kipimajoto kwenye pembe ya bodi nikakuta nyuzi 118, na juu pameshakuwa na gamba unaloweza kuliinua kwa koleo. Dereva alishuka akiwa na wasiwasi. "Dada yangu, mimi nimebeba tu nilichopakiwa." Ni kweli, na nilimwambia hivyo, lakini nilimrudisha, yeye na mwenzake. Kiwanda kilileta mizigo mingine miwili bila ubishi na bila kudai hela ya safari. Nawapa alama kamili kwa hilo.

Baada ya ile Jumatatu mambo yalibadilika. Waliirudisha pampu mahali pake, wakaanza kupima unyevu mara mbili kwa siku kwa sufuria waliyonunua wenyewe, dereva wa loda akakatazwa kuchota kwenye maji ya chini, na jiwe la kahawia likawekwa kando hadi kazi yetu iishe. Siku mbili za mwisho unaziona kwenye namba hapo juu: 5.0, 4.9, 5.1, 5.0. Mtambo uleule, bitumeni ileile, opereta yuleyule. Sufuria moja na jiko la gesi.

Kwa hiyo nikitoa nyota, ubora wa bitumeni na mzani napeleka tano. Huduma kwa mteja nne. Uthabiti wa mchanganyiko kutoka siku hadi siku mbili, kwa sababu ule uthabiti wa mwisho niliufuata mimi kwa miguu yangu. Kama ningekuwa mnunuzi asiye na maabara, ningeondoka na cheti kizuri na wastani wa 5.0 nikijua nimepata nilicholipia.

Je, ningenunua tena? Ndiyo, na tayari nimeshauri ofisini tununue kwao kazi ijayo, lakini kwa masharti yaliyoandikwa. Kwanza watuonyeshe majibu yao 30 ya mwisho ya bitumeni na chekeche (kipimo cha ukubwa wa mawe), yote, pamoja na mabaya. Kiwanda chenye majibu 30 yanayofanana kabisa kinanitia shaka kuliko kile chenye mawili matatu yaliyotoka nje. Usanifu urudiwe kwa jiwe linalotumika sasa, si la mwaka juzi. Na vumbi lifunikwe. Paa la mabati juu ya rundo la vumbi ni gharama ndogo mno ukilinganisha na mita 200 za lami. Ningependa pia kila jibu linapotoka nje, mtu aende kwenye rundo kabla hajagusa pampu. Hilo la mwisho linanihusu na mimi, maana simu yangu ya Ijumaa ilichangia mabaya ya Jumamosi. Siku hizi nikipiga simu nauliza kwanza: unyevu wa leo asubuhi ni ngapi?

Mwezi uliopita, miezi sita baada ya kumaliza, nilirudi na rula ya chuma ya mita mbili na kabari ya kupimia. Mita ya 300, kazi ya siku ya pili, njia ya matairi imezama milimita 2. Mita ya 860, kazi ya Ijumaa, pale kituoni daladala zinaposimama, milimita 7, na lami inang'aa kama imepakwa mafuta. Mita ya 1,150, kazi ya Jumamosi, haijazama kabisa, lakini mama anayefagia mbele ya duka lake la mkaa alinionyesha kokoto alizokusanya kwenye kopo la rangi. Nilizimimina kiganjani. Nyingi zilikuwa za kahawia, na upande mmoja hazikuwa na bitumeni hata kidogo.

Picha na vipimo nimewatumia kiwandani. Meneja wa ubora amejibu kwamba atakuja Jumanne na rula yake, na ameomba ile kopo isitupwe.